Mkono Niliouficha Mgongoni

Watu wa Mungu, kabla sijasema lolote, nipungieni mkono. Hapana, si huo. Wa kushoto. Msiogope, mchungaji ametupa ruhusa. Haya, asanteni. Nimewaomba hivyo kwa sababu huu wangu unaowajibu sasa, nilikaribia kuupoteza.

Mnanijua. Mimi ndiye yule msichana anayepara samaki kule ufukweni Dunga, kwa shangazi yangu, na masikio yenu yamechoka na habari za hoteli nitakayofungua, yenye viti vya buluu na mlango unaotazama ziwa. Bado nitaifungua, msicheke!

Sasa, mimi tangu utotoni natumia kushoto. Nyumbani walinichapa, shuleni wakanichapa, mwishowe wakachoka, wakaniwekea sharti moja tu: mkubwa hapewi mkono wa kushoto. Basi kushoto kukawa kwa kazi, kulia kwa heshima.

Halafu mkono wa kazi ukaanza kunikataa. Nikipara samaki kidogo, unakuwa mzito kama nimebeba debe la maji, unauma mpaka kisu kinanitoka. Nikiupumzisha, unaachilia. Vidole vilikuwa baridi hata juani. Jioni joto linapanda mwilini, na nguo zikaanza kunipwaya.

Shangazi akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, hao samaki unangoja wafufuke?"

Mama mmoja akadakia, "Mwacheni, anaweka nguvu za kukaribisha wageni hotelini!"

Tulicheka sote. Kisha nikaenda nyuma ya mashua nikalia peke yangu. Ndugu zangu, nawaambia, bila mkono huo hakuna hoteli, na hata sahani ya leo hakuna.

Nilienda zahanati mara nyingi. Sista wa pale ni mama mtu mzima, na akisema, "Leta mkono nipime presha," mimi natoa wa kulia kwa adabu zote, wa kushoto nauficha mgongoni. Mashine inasema niko sawa. Napewa dawa za malaria, narudi Dunga na mkono uleule. Mnaona? Mkono mgonjwa niliuficha kwa heshima.

Kilichoniokoa ni samaki. Ngege mmoja alinichoma kwa mwiba wa pezi, kiganja cha kulia kikavimba, nikaenda kwa sista nimekifunga kitambaa. Akasema leta mkono.

"Mama, nisamehe. Leo nina huu wa kushoto tu."

"Kwani mimi nasalimiwa? Lete!"

Akanifunga mashine mkononi. Haikusoma kitu. Akarudia, akaigonga, akaona labda imeharibika. Mwishowe akaweka vidole vyake hapa penye kifundo, akatulia sana.

"Mtoto, wewe uko hai?"

"Nafikiri niko, mama."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akashika kifundo cha kulia, mapigo yapo. Akarudi kushoto. Hakuna kitu.

Akanituma hospitali kubwa mjini. Walipopiga picha, wakakuta mshipa unaopeleka damu mkono huu umebana, umebaki uwazi mwembamba kama uzi. Nikauliza swali moja tu: "Mtaukata mkono?"

Daktari aliniuliza, "Wewe ni mtu wa samaki. Samaki akikaa juani bila barafu, kwa nini nyama inalegea?"

"Vitu vya ndani yake vinaanza kumla."

"Vingine kati ya hivyo ni vimeng'enya. Na wewe unavyo. Kwenye kuta za mishipa kazi yao ni kukata nyuzi zilizochakaa, ili mwili ujenge mpya. Sasa kinga yako imechanganyikiwa, inaushambulia mshipa wako wenyewe, na vimeng'enya vinakata kupita kiasi. Mwili nao unakimbilia kuziba, unapiga plasta juu ya plasta. Ukuta unanenepa, njia inabana."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyenitazama kwa jicho baya?"

"Hakuna mtu. Na hatuukati. Tutatuliza hayo mashambulizi kwanza."

Mimi niliishia kidato cha pili, lakini hilo nililielewa, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Dawa zilinivimbisha mashavu kama andazi, si mnakumbuka? Mlidhani nimenenepa kwa raha. Mkono nikaambiwa niupumzishe, na shangazi, yuleyule mwenye ulimi, akawa ananisogelea kimya, anapara wake na wangu.

Hatimaye siku moja sista akashika kifundo hiki, akafumba macho. "Ngoja. Kuna kitu. Kidogo, kama samaki anayeonja ndoano."

Nikamkumbatia na harufu yangu yote ya samaki.

Sijamaliza dawa, na ugonjwa huu unaweza kurudi, kwa hiyo nafuatiliwa. Lakini napara tena, polepole. Asante shangazi, asante sista, asante daktari, na ninyi mliokuja kuniombea bila kuniuliza nimefanya nini. Ninachowaomba ni hiki: mkienda kupimwa, toeni mikono yote miwili, na panapouma semeni, hata kama mnaona si adabu.

Sasa naomba nikaketi. Lakini kwanza, mchungaji, usinikasirikie, nakusalimu kwa mkono huu. Shika hapa kwenye kifundo. Tulia kidogo.

Umesikia?