Moto Uliokwama kwa Esnah

Kijiwe chetu kiko Keumbu, nyuma ya soko, kando ya jiko la kahawa la Yakub. Benchi ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Ukisimama bila kusema, mwenzako anaanguka. Wa kila siku tuko wanne: Shemasi, ambaye ni shemasi kweli, Satelaiti, anayejua habari za dunia nzima isipokuwa za kwake, Ogoti, tunayemwita Nepia kwa sababu anauza nyasi za nepia kwa mzigo, na mimi, wanayeniita Karani ingawa sijawahi kuajiriwa na mtu. Alhamisi mchana mtu fulani alichoma mabua ya mahindi huko juu mlimani, upepo ukachukua moto. Ukashuka, ukala ua wa Omosa pamoja na jiko lake lote, ukafika nyuma ya nyumba ya mjane Esnah ukazimika. Nyumba inayofuata ni ya Edinah, mamake Nepia, ambaye hatembei bila kushikwa, na nepia ya mwanawe imefika dirishani. Mvua bado iko mbali. Basi Ijumaa asubuhi hoja ilikuwa moja tu: kwa nini moto ulikwama kwa Esnah?

Shemasi: — Ni zaka. Huyo mama hajawahi kukosa zaka. Malaika alisimama pale nyuma na upanga.

Satelaiti: — Na Omosa? Si yeye huimba kwaya?

Shemasi: — Huimba vibaya.

Satelaiti: — Wacha hiyo. Ni mabati. Esnah ameweka mabati mpya Disemba, sindio? Moto ilikuja, ikajiona pale kama kwa kioo, ikadhani kuna moto ingine kubwa inakuja. Ikaogopa. Ndiyo wahenga walisema dawa ya moto ni moto.

Shemasi: — Wahenga hawakuwa na mabati.

Nepia: — Mimi nasema aliitukana. Mnajua mdomo ya Esnah. Hata mimi hunirudisha nilikotoka.

Tulicheka, na yeye akacheka, lakini kila mara alikuwa akigeuka kutazama mlimani. Namfahamu Nepia tangu darasa la kwanza. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa namwogopea.

Karani: — Zile nyasi za kwa mama utakata lini?

Nepia: — Nikikata yote saa hii, ng'ombe itakula nini mpaka mvua? Haraka haraka haina baraka.

Karani: — Na kuni umepanga kwa ukuta wa mama?

Nepia: — Kuni haina miguu, Karani. Itaenda wapi?

Satelaiti: — Nyinyi hamfuatilii mambo. Moto ya siku hizi inafuata simu. Omosa ako na simu mbili, zote za intaneti. Jiko imeisha. Esnah ako na kabambe, ile ya kupiga tu. Moto imefika pale, imekosa netiwaki, imezima.

Shemasi: — Hapo sasa umeongea. Maana imeandikwa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Karani: — Imeandikwa wapi?

Shemasi: — Kwa Methali.

Hapo ndipo alipotokea Ubah, anayeleta mabeseni na ndoo za plastiki kutoka Kisii mjini. Akatua mzigo, akamsalimu Yakub, akapewa kikombe. Alisikiliza mambo ya malaika, ya mabati na ya simu mpaka kahawa ikafika nusu.

Ubah: — Samahani wazee wangu. Na huyo mama mwenyewe anasemaje?

Satelaiti alikohoa. Shemasi akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Kutoka kwenye benchi hadi kwa Esnah ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na tangu jana hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumpa pole.

Yakub: — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nepia alisimama bila kusema. Shemasi akaenda chini na kahawa yake. Tukamfuata Nepia sote watatu, Yakub akipiga kelele kuhusu vikombe.

Esnah tulimkuta nyuma ya nyumba, ameinama, anatandaza punje za wimbi juani. Pale chini palikuwa pamesiribwa samadi, peupe, hatua kumi kutoka ukutani hadi penye majani. Mwisho wa hatua hizo palikuwa na mstari mweusi wa majivu.

Nepia: — Mama, ulifanya nini hapa?

Esnah: — Nilianika wimbi. Utaanika wimbi kwa nyasi? Nilifyeka, nikasiriba, nikafagia. Hata magome ya mikaratusi nafagia kila asubuhi. Moto imekuja ikakosa chakula. Na wewe umepanga kuni kwa kichwa cha mamako.

Nepia: — Ni ya ng'ombe, ile nepia.

Esnah: — Si ukate ile ya karibu na nyumba umpe leo? Ile ya chini ibaki. Ng'ombe atembee kidogo. Mamako hawezi.

Nepia alishika njia ya kwa mamake. Kabla ya saa sita tulikuwa na panga nne kwa Edinah. Satelaiti alihamisha kuni, akilalamika mgongo. Shemasi alikata matawi ya chini ya ua, mimi nikakokota majani makavu ya ndizi yaliyolundikwa chini ya dirisha tangu mwaka juzi. Nepia alianza pale pale ukutani, akafyeka akirudi nyuma, akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika ya sita, dirisha likafunguliwa, na Edinah akatoa kichwa. Alitutazama mmoja mmoja, wanaume wanne na panga, boma likiwa jeupe. Huku kwetu wanaume hawafyeki boma pamoja hivyo ila kwa jambo moja, ili wageni wa matanga wapate pa kukaa.

Edinah: — Ogoti. Ni nani amekufa?

Tulisimama na panga zetu.

Nepia: — Hakuna mtu, mama. Tunafyeka kabla.

Edinah akatuambia tusiguse mparachichi wake, na mmoja wetu aje amshike, atoke akae nje aone kama tunafyeka vizuri.