Barua Aliyoibeba Mwenyewe: Maisha ya Tarishi Yotamu Andendekisye

Yamesemwa na dada yake, Bibi Yudith, na kuandikwa na Mwalimu Danieli. Iyunga, Jumatano, 11 Juni 1958.

Ndugu zangu, tumechoka, na huyu tunayemzika alichoka kutuzidi. Marehemu Yotamu alizaliwa hapa Iyunga tarehe 2 Aprili 1912, mtoto wa tatu wa mzee Andendekisye na mama Alinanuswe. Tarehe hiyo ni ya daftari la mchungaji. Mama yetu alisema tu kwamba ni siku mvua ya mawe ilipoua mbuzi wa jirani. Alianza kutembea akiwa na miezi saba. Anayebisha aniulize mimi, ndiye niliyekuwa nikimkimbiza.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1924 hadi 1928, akamaliza darasa la nne. Mimi nilibaki na ng'ombe. Ndiyo maana yeye alijua kusoma, na mimi najua kusema.

Mwaka 1934 aliajiriwa utarishi serikalini, Mbeya mjini. Alipeleka barua ofisi hadi ofisi, na kila wiki alipanda gari la barua kwenda Iringa. Safari moja gari liliharibika, akaendelea kwa miguu, akakutana na simba amelala katikati ya barabara. Yotamu akainua bahasha yenye lakiri nyekundu. Simba akaitazama, akasogea pembeni. Hata yeye alijua kuwa anayeruhusiwa kuchelewesha barua ya serikali ni serikali yenyewe.

Tarehe 8 Agosti 1936 alifunga ndoa na Lusia. Alikwenda kuposa mwenyewe, bila mshenga, wazee wakamkaripia. Akawajibu, "Baba zangu, nisameheni. Mimi ninajua ujumbe unavyopotea njiani." Walijaliwa watoto watatu.

Simba nimemtia chumvi kidogo. Haya yanayofuata sikuyagusa.

Mwaka 1955 Yotamu alipeleka Mbalizi barua mbili siku moja. Ofisi moja iliwaita watu walete ng'ombe wachanjwe Jumatano. Ofisi ya pili iliwaita watu wale wale wakalime matuta mlimani, Jumatano hiyo hiyo. Ofisi hizo zilipakana ukuta. Mzee Jailos akafika na ng'ombe mkono huu na jembe mkono ule.

"Bwana Yotamu, wewe ndiye umeleta. Nipasuke katikati?"

"Mzee wangu, mimi ni miguu tu."

"Basi iambie miguu yako iwarudie waliokutuma."

Aliwarudia kweli. Aliwaomba makarani wa ofisi zote wakutane barazani kila Ijumaa asubuhi, kila mmoja aseme wiki ijayo ofisi yake itawaambia watu nini, kabla barua hazijaandikwa. Karani Muhidini alimcheka: "Lo, tarishi wetu leo kawa bwana mkubwa!" Lakini Ijumaa ya kwanza Muhidini huyo ndiye aliyeleta birika la kahawa. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna mtu wa Mbalizi aliyeitwa mahali pawili siku moja.

Kisha akaja mkuu mpya. Akauliza baraza hilo limo katika faili gani. Halikuwamo katika faili lolote, likafutwa. Yotamu akaandika barua kuliombea, Januari mwaka jana. Tangu hapo kila aliporudi nyumbani Lusia alimuuliza, "Wamejibu?" Naye alivua viatu, akasema, "Bado, mama Tadeo." Baadaye Lusia aliacha kuuliza, akawa anamwekea maji ya moto ya miguu tu.

Alianza kuugua kifua Februari mwaka huu, kwa baridi ya njiani. Aliendelea na safari hadi Mei. Tulimwambia apumzike, akasema jibu likija asipokuwepo litapotea. Alifariki nyumbani, mikononi mwa mke wake, Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Jana Karani Muhidini alikuja kuchukua mkoba wa serikali. Aliufungua mbele yetu, akatoa bahasha, akaisoma, akakaa chini kwenye majani. Ni jibu, la tarehe 3 Machi. "Ombi limekubaliwa. Mhusika ajulishwe." Mbeya waliipeleka Iringa ili Iringa wamjulishe. Iringa wakagonga muhuri, wakairudisha ili Mbeya wamjulishe. Mbeya wakaituma tena, ndipo ugonjwa ukamlaza, mkoba ukabaki hapa nyumbani. Yotamu aliibeba mara tatu, imefungwa kwa lakiri. Katika miaka ishirini na minne hakuwahi kufungua barua isiyo yake.

Muhidini alimwinamia pale alipolazwa, akasema, "Kaka Yotamu, wamekubali." Ndiyo siku mhusika alipojulishwa.

Ameacha mjane wake Lusia, watoto wake Tadeo, Marta na Timotheo, wajukuu watano, na mimi dada yake, niliyedhani nitatangulia. Ameacha pia jozi moja ya viatu. Havina soli.

Mabwana wa ofisi, asanteni kwa kuja. Ninawaona, mmekaa mabenchi mawili na katikati mmeacha nafasi ya kupita ng'ombe. Ijumaa ni kesho kutwa. Tukishamfukia, msiandikiane. Sogeleaneni, muulizane baraza ni saa ngapi.

Alale kwa amani ndugu yetu, na asitumwe tena.