Mawe ya Fundi Upande

Benchi letu liko mbele ya duka la cherehani, kwenye kiwanja kidogo kilichotandazwa mawe, na ukitaka kufika usiulize njia, fuata kelele. Lina miguu minne, mmoja umefungwa waya, na lina wenyewe. Kulia anakaa Hakimu, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila hukumu zake hazina rufaa. Katikati anakaa Gia Nne, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishaanza kusema hapunguzi mwendo. Kushoto nakaa mimi, Soli, mshona viatu, na sanduku langu la kazi miguuni. Mlangoni mwa duka, mguu juu ya cherehani, yuko Redio, ambaye akikosa habari hutunga. Anayetuweka pamoja ni Mama Birika, aliyerithi biashara ya kahawa kwa mama yake, na mawe yale yalitandazwa na baba yake. Sasa wiki iliyopita Mama Birika aliteleza juu ya ukoga, ule utando wa kijani unaoota mawe yasipokauka. Akaangukia mkono, birika likaenda zake. Mwenye nyumba akasema basi, imetosha: mawe yatavunjwa, litamwagwa zege, kiwanja kiwe cha kuegesha magari, na kahawa ikatafute pengine. Mama Birika akamwomba jambo moja tu, aachwe ayasugue kwanza. Siku yenyewe ndiyo hiyo ninayowasimulia. Alikuja na ndoo, kisu butu na gunia la kupigia magoti, kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa.

Mama Birika: Kahawa leo ni birika moja tu, ndugu zangu. Ikiisha imeisha. Mikono yangu ina kazi.

Gia Nne: Mama, unajitesa bure. Ukoga huo dawa yake maji ya betri. Unamwaga, unasubiri, kila kitu kinatoweka.

Mimi: Na mawe je?

Gia Nne: Na mawe pia. Si tatizo limekwisha?

Hakimu: Hapana, chumvi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huo ukoga umeota wapi? Kivulini. Basi una kitu unakula.

Redio: Unakula nini?

Hakimu: Wewe shona.

Mama Birika: Mimi nina maji ya moto na sabuni, basi. Soli, kaka yangu, niazime ile brashi yako ngumu.

Ile brashi siiazimi mtu. Ndiyo inayonitolea matope kwenye viatu vya watu wazito, na manyoya yake hayajalala hata moja. Nikampa, roho ikiniuma. Akapiga magoti pembe ya mbali kabisa, akachokonoa ukoga katikati ya mawe kwa kile kisu, akamwaga maji, akaanza kusugua kwa mkono wake mzima.

Hakimu: Nilimwambia asibebe birika kwa mkono wa kushoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Redio: Kaumia mkono, si guu.

Hakimu: Basi alisikia nusu.

Gia Nne: Tusifichane. Kosa ni la marehemu. Fundi Upande, Mungu amrehemu, alitandaza mawe huku akitazama pembeni. Weka kikombe chini hapa uone, kinakuaga kinaondoka.

Jina hilo ndilo tulilompa, Fundi Upande, na lilimwandama mpaka kaburini. Kiwanja chake kimekaa upande. Hakuna pahala ukisimama miguu yako miwili inalingana.

Mama Birika: Baba alisema mawe haya hayatelezi.

Tukacheka. Mkono umefungwa kitambaa, halafu mawe hayatelezi! Gia Nne alicheka mpaka akashika goti langu. Mama Birika hakucheka. Akachovya brashi.

Mama Birika: Aliyatandaza nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilipopata akili yalikuwa meusi tayari, kwa hiyo hata mimi sijawahi kuyaona. Ila alisema.

Gia Nne akamaliza kikombe chake, akakiinamisha chini ya benchi, machicha ya kahawa yakadondoka. Hiyo ndiyo sheria yetu, na tuliikuta kwa waliokalia benchi kabla yetu: tama la mwisho halinywewi, ni fungu la benchi. Unalimwaga hapo hapo chini, katikati ya miguu. Ukisahau, utaitwa mchoyo mpaka jioni. Mama Birika aliwahi kutuwekea beseni la kumwagia. Gia Nne huweka kofia yake humo.

Redio: Jamani. Hebu tazameni pale.

Tukatazama. Pale Mama Birika alipopiga magoti, maji meusi yalikuwa yametiririka, na chini yake kulikuwa na jiwe la bluu. Si bluu ya rangi ya kupaka. Ni ile bluu ya mshipa wa mkono, ndani kwa ndani. Nimekaa juu ya mawe yale tangu sijaota ndevu, na ningeapa mbele ya yeyote kwamba ni meusi.

Mimi: Mama, hiyo ni rangi?

Mama Birika: Ni jiwe lenyewe. Naona ndivyo lilivyo.

Hakimu: Haiwezekani. Mimi ndiye mkubwa hapa, na mawe haya ni meusi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Redio: Inahusu nini?

Hakimu: Si anatia maji?

Akasugua lingine, nalo bluu. Lingine, bluu. Halafu likatoka jeupe, na pembeni yake jeupe lingine, na mengine yakafuata, yameshikana mkono, mstari mzima unatoka pembeni na kupinda taratibu kuelekea kwetu. Cherehani ya Redio ikanyamaza. Mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni akapunguza mwendo, akatazama chini, akauinua kidogo ili gurudumu lisikanyage pale palipooshwa. Hakuambiwa na mtu.

Gia Nne: Hiyo ni barabara. Nimeendesha lori maisha yangu yote, kona naijua. Huyo mzee alichora ramani.

Redio: Ramani ya kwenda wapi, na inaishia kwenye benchi lenu?

Gia Nne: Basi si ramani ya barabara. Ni alama ya ndege. Rubani akiwa juu anaona mstari mweupe, anajua hapa ndipo pa kushukia.

Mimi: Ndege ishuke hapa, kati ya cherehani na sanduku langu?

Gia Nne: Ndege ndogo.

Redio: Hapana. Mnakumbuka bibi yangu alivyokuwa akipita hapa akiinamisha kichwa? Hapa kuna mtu mkubwa amelala. Hayo mawe ni ya kaburi, na kichwa chake kiko chini ya Hakimu.

Hakimu akainua miguu yote miwili. Akaiweka kwenye benchi, akajikaza asionekane ameogopa.

Ukoga uliendelea kutoka. Mama Birika alikuwa amelowa mpaka kiunoni, kitambaa cha mkononi kimekuwa cha matope, lakini hakupumzika hata kunywa. Kila ndoo ya maji ilileta kitu. Mstari wa pili mweupe ukatoka pembe nyingine, nao ukapinda kwetu. Ukaja wa tatu. Ulipotokeza wa nne, sisi wa benchi wote tulikuwa tumeinua miguu kama Hakimu. Mimi ni mtu wa kubisha, nabishia hata saa ya ukutani, lakini niliona aibu kuweka kiatu changu chini. Uzuri ule ulikuwa chini ya soli zetu, na sisi tukiutemea mate.

Hakimu: Sikilizeni hukumu. Mistari minne, pembe nne, yote inakuja hapa nilipo. Hiki ni kitovu cha dunia.

Redio: Haya!

Hakimu: Ndiyo maana tukikaa hapa tunakuwa na busara, tukienda nyumbani wake zetu hawaioni.

Gia Nne: Hapo umesema. Mimi nyumbani sina hoja hata moja.

Mama Birika: Sogezeni benchi.

Hakimu: Samahani?

Mama Birika: Mistari inaingia chini ya benchi. Mwenye nyumba anakuja wakati wowote na sululu. Inukeni, baba zangu, nione mwisho wake.

Benchi lile halijawahi kusogezwa. Tulilibeba kila mmoja ameshika pale anapokalia, asije akapoteza mahali pake, tukaliweka pembeni. Halafu tukainama wote.

Mistari minne ilikutana pale, na katikati ya makutano kulikuwa na donge jeusi, pana kuliko sinia, limelala bapa na kung'aa kwa unyevu. Ukoga ulikuwa umelizunguka, mnene kuliko pahala pengine popote. Mama Birika akalipiga kwa kisu chake butu, kikadunda. Nikatoa kisu changu cha ngozi. Nimekata soli za kila aina, ila lile donge lilinitoa jasho. Nilipokata kipande cha kwanza, ikatoka harufu.

Gia Nne: Harufu hiyo naijua.

Redio: Hata mimi.

Gia Nne: Ni ya... ya udongo wa zamani.

Hakimu: Waliotangulia waliziba makusudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

 Mama Birika alikuwa analitoa lile donge vipande vipande, kwa vidole, mpaka akafika kwenye jiwe la mviringo, jeupe, lililotobolewa matundu kuzunguka kama kifungo cha koti. Matundu yote yamejaa. Nikampa msumari wangu wa kutobolea ngozi, akayazibua moja baada ya jingine, akipuliza. Kisha akainuka, magoti yakilia, akajaza ndoo, akaenda nayo pembe ya mbali. Nikaenda kumshikia kitako cha ndoo.

Akamwaga.

Maji yalianguka, yakatawanyika, yakasita. Halafu yakaushika mstari mweupe. Hayakwenda huku wala kule, yalipinda pale jiwe lilipopinda, na yale yaliyorukia pembe nyingine yakaushika mstari wa kule, yakaja nayo. Kila jiwe la bluu lilikuwa limeinamishwa kidogo tu, kiasi cha kuyasukumia maji kwenye jeupe. Upande wote ule tuliomcheka nao! Yakakutana katikati, yakazunguka mara moja, yakazama. Chini ya ardhi tukasikia sauti, kama mtu anayevuta kahawa ya moto kwa midomo.

 Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mtu aliyekufa alikuwa amepiga hesabu na maji, na maji bado yanamtii.

 Gia Nne akavua kofia, akaiweka kwenye beseni kama kawaida yake.

Mama Birika akavua ndala. Akakanyaga mawe yaliyolowa, mguu mmoja, kisha wa pili. Akatembea mpaka katikati, akarudi. Kisha akarukaruka, mama mtu mzima mwenye wajukuu, maji yakimrukia, na hakuteleza hata kidogo.

Mama Birika: Hayatelezi. Si alisema? Baba alisema hayatelezi!

Akawa anacheka na machozi yanamtoka, na sisi macho yetu tukayapeleka kwenye mawe, maana pa kuyaweka pengine hapakuwapo.

— Mwaga tena.

Tukageuka. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu, sululu begani. Hatukumsikia akija. Ni mzee asiyetaka kulipa kibarua, ndiyo maana alikuja kuvunja mwenyewe, na hajawahi kukalia benchi letu hata siku moja. Hakusalimia. Alikuwa anatazama chini.

Mama Birika: Shikamoo, baba. Nimeyasugua.

Mwenye nyumba: Marahaba. Mwaga tena.

Akamwaga tena. Maji yakashika njia yake, yakapinda, yakazama, na ile sauti ikatoka. Mzee akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya jiwe la bluu, akakiacha hapo. Kisha akaishusha sululu, akailaza juu ya benchi taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.

Mwenye nyumba: Haya siyavunji. Mama, endelea na kahawa yako.

Mama Birika akaketi juu ya ndoo, pale pale. Redio akaenda kumshika bega. Kisha Mama Birika akamimina kahawa iliyobaki birikani, kila mmoja kikombe, na mzee naye chake. Tukanywa. Kahawa ile ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa pale.

Mzee akatazama lile donge jeusi pembeni. Akachukua kipande, akakivunja kwa kidole gumba, akakinusa.

Mwenye nyumba: Maji yalikuwa na mlango wake. Ukoga wote huu ni maji yaliyokosa pa kwenda. Sasa nani alikuwa ameuziba?

Hakimu akafungua mdomo. Nililiona lile neno la wahenga, la ufa na ukuta, likimfika kwenye ulimi. Akaufunga.

Tulikuwa tumesimama pale, vikombe mkononi, kila kimoja kimebaki na tama la mwisho. Gia Nne alikuwa ameshainamisha chake kwa mazoea, chini kidogo ya goti, na mkono ukamgandia hapo. Ardhi yote ilikuwa bluu na nyeupe. Beseni lilikuwa na kofia.

Hakimu ndiye aliyetangulia. Akafumba macho, akameza machicha. Gia Nne akafuata, akakohoa. Nami nikameza, chungu, mchanga mtupu mpaka kooni.

Mama Birika akainuka, akavikusanya vikombe, akachungulia ndani ya kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vitupu.