Siku Mlipokaa na Penseli kwa Ajili Yangu

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe na wale wa mabenchi ya nyuma, maana leo nina neno na ninyi hasa.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi Eliamani ndiye mgawa maji wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia hapa Vudee. Zamu zote nilikuwa nazo kichwani. Siku hizi sukari na sabuni zimerudi madukani, ila hospitalini bado unaambiwa uje na daftari lako. Daktari alishaniambia ini langu limeharibika. Nikajifariji kwamba ini liko tumboni, kichwa changu kizima.

Kisha nikafungulia mfereji wa chini siku ya zamu ya juu. Mara mbili! Mara ya tatu mahindi ya mjane Nakiete yakakauka. Mkasema ni pombe. Mimi, ambaye hata dengelua, pombe ya miwa ya harusini, siigusi! Mkaninyang'anya kazi. Niliumia sana, na niliogopa kupoteza akili kuliko kufa.

Hospitalini Same, muuguzi alinipa karatasi yenye namba zilizotawanyika, niziunganishe kwa mpangilio huku akitazama saa. Nikachelewa mno. Daktari akasita. Muda wa kulinganishia ulitoka kwa watu wa nchi nyingine, walioshika penseli tangu utotoni.

"Mzee huyu aliishia darasa la tatu," akasema. "Sijui kama ni ini au ni penseli."

Mke wangu akamjibu, "Daktari, Vudee tunao wazima tele walioishia darasa la tatu. Wapimeni hao kwanza."

Hakuondoka mpaka wakakubali! Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, muuguzi aliwakalisha humu humu wazima wa rika langu walioishia darasa kama langu. Akachana karatasi za daftari, akamwandikia kila mtu umri na muda wake. Jasho likawatoka! Kwa kipimo kile cha ugenini, usharika mzima ungelazwa. Lakini mimi nilichelewa mbali sana kuliko wa mwisho wenu.

Daktari alipoona, akasema, "Sasa najua. Ini limeanza kugusa ubongo, na tumewahi."

Ndugu zangu, nililia kwa furaha. Sikuwa mlevi wala mwendawazimu!

Nikapewa dawa tamu ya maji, ya kunipa choo kila siku ili sumu itoke kabla haijapanda kichwani. Baada ya wiki kadhaa nikapimwa tena, nikaingia ndani ya muda wenu. Ini halijapona, sitadanganya mbele ya madhabahu. Lakini akili Bwana amenirudishia, na aliwatumia ninyi mlionicheka.

Kwa hiyo, mwenye ini bovu aliyeanza kukosea asijifiche. Mtumaini Bwana, halafu nenda ukashike penseli. Muda wa kukulinganishia sasa upo, ni wa watu kama wewe.

Ahsanteni, na kwa kunirudishia kazi yangu pia. Kesho asubuhi ni zamu ya mfereji wa juu, tunaanza na shamba la Mama Nakiete. Nimekosea?