Boazi Simwinga na Mashine ya Watu Watatu

Kung'arisha rangi ya gari ni kuipunguza. Wengi hudhani kwamba anayeng'arisha huongeza kitu: polishi, mafuta, labda baraka. Sivyo. Mkwaruzo ni bonde dogo ndani ya rangi, na bonde hilo halizibwi. Kingo zake hushushwa taratibu mpaka zilingane na chini yake, na hapo mwanga uliokuwa ukitawanyika ovyo hurudi kwa pamoja. Mng'aro ndio huo, wala hauna siri nyingine. Kwa maana hii kamili, Bwana Boazi Simwinga, anayestaafu tarehe 30 Juni 1956 baada ya miaka ishirini na saba katika Karakana ya Magari ya hapa Mpemba, amekula mshahara wake kwa kupunguza mali za watu, nao wakamshukuru kila mara.

Alianza Julai 1929 akiwa mwoshaji. Barabara yetu inajulikana: kiangazi ni vumbi jekundu, masika ni tope la vumbi lile lile. Magari ya wakulima wa kahawa kutoka Mbozi yalimfikia yote yakiwa na rangi moja, hata yale yaliyotoka kiwandani yakiwa meusi. Baada ya miaka miwili alihamishiwa kwenye kitambaa, yaani kung'arisha kwa mkono, pamoja na Bwana Enoka Silwimba na Bwana Jairo Sichone. Watatu hao walishinda mchana kutwa juu ya boneti moja, wakibishana kama waamuzi wa baraza.

Huko ndiko alikojifunza kukagua kila kitu kwa ubavu, akiwa ameinamisha kichwa na jua likiwa upande wa pili, maana mkwaruzo hauonekani kwa anayeutazama usoni. Mazoea hayo hayakubaki kazini. Alipoletwa mchumba wa binti yake Loisi, Bwana Boazi alimtoa sebuleni, akamsimamisha juani, akamzunguka mara mbili. Kijana alipita. Sufuria za nyumbani nazo zilikaguliwa na kusuguliwa, mpaka mkewe akamwambia mbele ya wageni: "Baba Loisi, ukiendelea hivyo kesho tutapika ugali kwenye mng'aro mtupu."

Agosti 1951 ulikuja mtihani wenyewe. Bwana Meneja wa wakati ule alitangaza kwamba karakana, iliyokuwa imepata jenereta mwaka uliotangulia, itanunua mashine ya kung'arishia, na kwamba mashine ikianza kazi, wawili kati ya wale watatu wataachishwa. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua rangi, akamwamuru Bwana Boazi aichague mashine hiyo. Bwana Enoka alikuwa na watoto sita. Bwana Jairo ndiyo kwanza alikuwa ameezeka bati. Asiyeona ugumu wa amri hiyo na airudie kuisoma polepole.

Wakala wa mashine alileta mbili kwa majaribio ya wiki moja. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kasi, yenye kelele. Ya pili ilikuwa nzito na ilizunguka kwa nusu ya mwendo wa mwenzake. Zote zilikuwa na sahani iliyovikwa ngozi ya kondoo yenye manyoya. Msimamizi wetu, Bwana Anania Siwale, aliipenda ya kwanza kabla haijagusa gari.

"Hii ndiyo mashine, Mzee Boazi! Sikia inavyonguruma!"

"Bwana Msimamizi, hata tumbo langu hunguruma, wala halijang'arisha kitu."

Jaribio lilifanyika juu ya boneti la lori lililokufa, likiwa limegawanywa kati kwa ukanda wa karatasi. Bwana Anania aliomba heshima ya kuanza, na ndani ya dakika moja alitimiza makosa yote matatu yanayowezekana. Aliiwasha mashine ikiwa hewani, dawa ya kung'arishia ikaruka na kutua kwenye suruali ya Bwana Meneja. Aliikandamiza kwenye ukingo, mahali ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote. Kisha akatulia hapo hapo, akitazama kazi yake kwa upendo. Boneti liling'aa ajabu; kilichong'aa kilikuwa bati.

Hata hivyo, mashine haihukumiwi kwa makosa ya aliyeishika. Bwana Boazi alijua hivyo, na hapa ndipo wasifu huu unapomvulia kofia. Aliichukua mwenyewe ile ya kasi, nyepesi ya kushikwa na mtu mmoja, ambayo kushindwa kwake kungemfaa, akaitumia kwa haki yote: alitafuta kivuli, akaosha na kupoza boneti, akafunika kingo kwa karatasi, akatia dawa kidogo, akaiweka sahani juu ya rangi kabla ya kuiwasha, akaisogeza bila kusimama, na kila mara aligusa rangi kwa mgongo wa kiganja kupima joto. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa ile ya polepole. Asubuhi iliyofuata boneti lilitolewa juani na kila mtu akaalikwa kuinamisha kichwa. Nusu ya kwanza ilikuwa na vimistari vya duara kama utando wa buibui. Nusu ya pili ilitulia kama maji mtungini. Ikanunuliwa ya polepole.

Ndipo Bwana Boazi akamweleza Bwana Meneja, kwa upole mwingi, masharti ya matumizi. Mashine nzito kiasi hiki huhitaji mtu wa kuishika kwa mikono miwili. Waya wake ukiburuzwa hukwaruza rangi, hivyo huhitaji mtu wa kuubeba begani. Na kwa kuwa mikono ya hao wawili imeshughulika, huhitaji mtu wa kutia dawa na kupima joto. Bwana Meneja, akiitazama suruali yake, alitia sahihi. Hakuachishwa mtu. Kwa miaka mitano Bwana Jairo amebeba waya huo kwa uaminifu usio na dosari.

Ukweli unadai aya moja zaidi. Jumamosi moja ya Mei 1954, Bwana Enoka na Bwana Jairo wakiwa msibani Kamsamba, karani wa stoo anayeandika haya alipita karakanani kufuata funguo. Alimkuta Bwana Boazi peke yake na gari la misheni. Waya ulikuwa begani mwake mwenyewe, kopo la dawa mfukoni mwa aproni, na mgongo wa kiganja ulipima joto kila alipoinua mashine. Kazi iliisha kabla ya adhuhuri. Akazima.

"Karani, leo umeona nini?"

"Nimeona gari linang'aa, Mzee."

"Basi una macho mazuri, ndugu yangu. Yatunze."

Yametunzwa miaka miwili. Aya hii inachapishwa sasa kwa sababu Bwana Meneja yule amekwisha rudi kwao, na wa sasa hajafikia somo la pili la Kiswahili.

Tunamshukuru Bwana Boazi kwa kila rangi aliyoipunguza kwa kiasi na kuiacha mahali ilipostahili kuachwa. Yeye na Mama Loisi wawe na afya, kahawa yao ya Vwawa izae, na wakwe zao wasisimamishwe juani tena.

Jumatatu tarehe 2 Julai mashine itashikwa na Bwana Enoka, waya utabaki kwa Bwana Jairo, na nafasi ya tatu itakuwa wazi. Meneja wa sasa ameuliza kwa barua mashine hiyo huhitaji watu wangapi, na barua iko mezani kwa karani, ambaye kazi yake ni kuandika yaliyo kweli. Je, jibu la kweli ni mmoja, aliyeonekana Jumamosi ile juu ya gari moja tu, au ni watatu, ambao kwa miaka mitano hawajaunguza rangi ya mtu?