Peremende Saba za Bi Kuipers

Mheshimiwa Mchungaji Hoeksema. Waheshimiwa wazee na mashemasi wa kanisa letu la Zuiderveen. Ndugu wanakamati wa maktaba, mlionipa dakika kumi mkijua fika kwamba sijawahi kutosheka na kumi. Ndugu wageni waalikwa kutoka makanisa jirani, pamoja na lile tulilotengana nalo kwa sababu ya piano. Kina mama wa jikoni, ambao nyama yenu ya nguruwe inanukia vizuri kuliko lolote nitakalosema. Na wewe, Bi Arlene Kuipers, mkutubi wetu wa miaka thelathini na minne, unayestaafu leo mara tu sahani zikiondolewa mezani: nawasalimu nyote katika jina la Bwana.

Mimi ni Colby Zylstra. Wanaonifahamu wameshaanza kuhema. Shule niliiacha mwaka mmoja kabla ya kumaliza, au yenyewe iliniacha, tunabishana hadi leo. Kazi yangu ni kufunga magurudumu ya viti kule kiwandani, na kwa unyenyekevu wangu unaojulikana wilaya nzima, nasema hakuna kiti nilichofunga mimi kilichowahi kumwangusha mtu. Lakini sikupewa nafasi hii kwa ajili ya magurudumu. Nimepewa kwa sababu, katika kanisa lenye watu mia tatu, mimi ndiye niliyesoma kila kitabu kwenye rafu ile iliyo karibu na mlango wa chumba cha tanuri la kupashia jengo joto. Mnaijua rafu yenyewe. Vitabu vyenye vyombo vya angani kwenye jalada na sala ndani. Hadithi za kisayansi za Kikristo.

Niliifikiaje? Nilivunja dirisha la chumba cha mashemasi kwa donge la theluji, kwa shabaha ambayo hadi leo haijasifiwa ipasavyo, nikahukumiwa kupangusa vumbi maktabani miezi miwili. Siku ya kwanza Bi Kuipers alinikuta nimekaa sakafuni, kitambaa begani, kitabu usoni.

"Vumbi linapanguswa kwa macho siku hizi?" akauliza.

"Nataka kujua kama hawa watu watatua salama."

"Basi maliza. Vumbi halina haraka."

Ndugu zangu, ni mwalimu gani aliwahi kuniambia nimalize kitabu? Wote walikuwa wakiniambia nianze.

Rafu ile haikupendwa. Mzee Postma, ambaye alikuwa mpima ardhi na hata leo hukaa kwenye benchi kama aliyejipima kwanza, alimuuliza miaka ile mbele ya baraza zima: Mkristo anatafuta nini kwenye sayari? Bi Kuipers akamjibu, "Marvin, aliyeziumba ni nani? Na nani amekwambia tuwaachie wengine kuzisimulia?" Rafu ikabaki. Lakini aliweka sharti, na sharti hilo ndilo limenifikisha hapa: kitabu hakiingii maktaba hii bila saini tatu za kamati kwenye ukurasa wa kwanza. Yake ndiyo ya mwisho, na ndiyo ngumu kuliko zote. Yeye husema kwamba kumtia Yesu kwenye kitabu kibovu hakukiokoi kitabu, na Yesu mwenyewe hakuomba atiwe humo.

Sasa, mwaka jana niliandika kitabu. Ndiyo, mimi. Kurasa sitini, nimezifunga kwa skrubu za kiwandani, hakitachanika hadi Bwana arudi. Watu mia mbili wamehamia Mirihi, wako siku ya arobaini, na Jumapili asubuhi mashine ya hewa inazimika. Kapteni Dirk anaitengeneza, wanapona. Mnaona kasoro? Mimi sikuiona. Nimezaliwa Zuiderveen, mahali ambapo mtu akikata nyasi Jumapili hata mbwa wake hasalimiwi, nami nimempa kapteni wangu bisibisi siku ya Bwana.

Daktari wetu wa meno, wa kwanza katika kamati, alisaini. Huyo husaini chochote akiwekewa mbele. Mzee Postma, wa pili, akarudisha kalamu mfukoni.

"Amefanya kazi Jumapili."

"Marvin," akasema Bi Kuipers, "ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, unamtoa. Hawa ni watu mia mbili."

"Ng'ombe yumo kwenye Maandiko, Arlene. Mashine ya hewa haimo."

Akaondoka na kitabu changu. Wiki tatu hakuonekana. Mkewe alimwambia mama yangu kwamba mzee hali vizuri, anakaa na kikokotoo. Ile wiki ya nne akarudi na karatasi kumi na moja za hesabu. Kumbe siku ya Mirihi inaizidi ya kwetu kwa dakika kama arobaini, kwa hiyo siku arobaini za kule ni arobaini na moja za huku na ushei, na wakati Dirk anashika bisibisi, hapa Zuiderveen ilikuwa Jumatatu. Akasaini. Kisha akaniuliza pembeni, kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa, kama nina kitabu kingine. Mzee, usitazame dari, nimehifadhi zile karatasi.

Nikajua nimeshinda. Nikampelekea Bi Kuipers.

Sote humu tunapitishiana peremende za mnanaa mahubiri yanapoanza, na mahubiri marefu tunayajua kwa idadi ya peremende. Mchungaji, samahani, wewe ni wa mbili. Bi Kuipers ana desturi hiyo hiyo kwa waandishi: pale anapochoka, anaacha peremende juu ya ukurasa, anafunga. Kitabu changu kilirudi na peremende saba, kimevimba kama shavu lenye jino bovu.

Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa tatu, pale Dirk anapoeleza injini. Ya nne, pale mwanasayansi asiyeamini anapookoka. "Colby," akaniambia, "wewe nimekuombea miaka mitatu na bado nakuombea. Huyu kaokoka kabla chai yake haijapoa?" Ya saba ilikuwa juu ya sala ya Dirk, mistari kumi na tisa, inayoanza na galaksi. "Mtu aliyebakiza hewa ya dakika nne," akasema, "haanzi na galaksi."

Nimekiandika upya mara tano. Kuanzia kesho saini ya tatu ni ya Mchungaji, na Mchungaji ana moyo mwema, atanisainia kwa huruma. Siitaki hiyo. Nataka ya mtu ambaye hajawahi kunihurumia. Bi Kuipers, kitabu hiki hapa mezani pako. Sala ya Dirk naisoma mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mashine imenyamaza, watu wanamtazama kupitia kioo, naye anasema: "Bwana, tunahitaji hewa. Tuko mbali na nyumbani. Usituache."

Mbona mkono wako unaingia kwenye mkoba wenye peremende?

Subiri. Mchungaji, niazime kalamu. "Tuko mbali na nyumbani": Bwana anajua walipo. Nakata. "Tunahitaji": anajua pia. Nakata. "Usituache." Hili, kusema kweli, si la Dirk. Nililiandika wiki ile niliposikia unastaafu. Nalo nakata. Inabaki: "Bwana, hewa."

Basi. Hiyo ndiyo sala.

Ndugu zangu mlio nyuma, msioona, niwaambie ninachokiona. Mkono umetoka kwenye mkoba na miwani. Kopo la peremende limebaki ndani. Anasoma. Anarudi nyuma, anasoma tena. Ananinyang'anya kalamu ya Mchungaji. Mzee Postma, usichungulie, utapata nafasi yako. Amesaini, kwa mwandiko ule ule wa kadi za maktaba, na katikati ya kurasa zangu hakuna kitu kinachonata.

Bi Kuipers, nilikuwa na kurasa nne zaidi za kukusifu, na zina galaksi ndani. Nazikata zote. Asante.

Nanyi nyote mlionikopesha masikio, nawashukuru. Nyama inapoa, twendeni mezani.