Kitufe Mara Mbili

Kondakta aligonga bodi mara mbili, basi likaondoka kuelekea mtaa wa Gordons. Bibi Konio, kapu la viazi mapajani, akamsikia mwanamke wa kiti cha mbele akimgeukia jirani yake.

"Sauti hiyo! Wewe si rubani Tine? Mimi ndiye Hebou, wa mnara wa kuongozea ndege."

Mwanamume akacheka. "Kumbe ndiyo sura yako, dada!"

"Usinichekee. Asubuhi nilikwambia redioni usubiri nyuma ya mlima. Nikasikia mlio wa kitufe cha redio kikibonyezwa mara mbili, kama mnavyoitikia siku zote badala ya kusema. Nikairuhusu ndege nyingine ipae, nusura mgongane!"

"Mlima ulinizibia redio, sikukusikia. Aliyebonyeza ni rubani mwingine."

"Sasa mimi nitajuaje? Kitufe kina jina? Au kinywa ulipewa cha kutafunia popoo tu? Rudia nilichosema, taja ndege yako, basi!"

"Miaka sita nakubonyezea, hujalalamika hata siku moja. Nyie ndio mliotuzoesha."

"Tumewazoesha sisi? Wewe mtu!"

Konio, aliyekwishakata tiketi ya ndege kwenda kumwona mjukuu wake mjini Goroka, aliamua moyoni kwamba mtoto huyo atamjua bibi yake kwa picha tu.

Basi likasimama. Hebou akashusha mguu mmoja, akageuka mlangoni. "Kesho uniitikie kwa maneno. Umenisikia?"

Tine, kwa mazoea, akagonga bodi mara mbili.

Dereva akaondoa gari, mguu wa pili wa Hebou ungali ndani.